Pini Mia Nne na Kumi na Mbili

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu mpaka Jumamosi, Fundi alipanda juu ya kiti cha plastiki mbele ya ramani, akabana pini kumi na moja kwa midomo, akasubiri wakubwa wamalize kusalimiana. Wakubwa walikuwa wengi, na kila mmoja alipaswa kumsalimia kila mmoja kwa cheo chake kamili, kwa hiyo mkutano wa saa mbili na robo ulianza saa tatu na nusu. Hiyo ndiyo waliyoiita dharura.

Ukumbi ule ulikuwa wa harusi kabla homa kavu haijaingia. Maua ya plastiki bado yalining'inia darini, na ramani ilitundikwa pale pale walipokuwa wakikaa bwana na bibi harusi, chini ya matao ya kitambaa cheupe. Chumba cha kumpambia bibi harusi, chenye kioo kikubwa na taa kukizunguka, kilifanywa stoo. Ndani yake kulikuwa na makasha mia mbili ya dripu, yamepangwa mpaka kwenye dari, na yalijiona yote kwenye kioo. Hayakuweza kutoka kwa sababu hayakuwa na stika. Stika ilitakiwa iwe na nembo za washirika wote tisa, na washirika wote tisa walikubaliana jambo moja tu, kwamba nembo yao isiwe ndogo kuliko ya jirani.

Fundi hakuajiriwa na mtu. Alikuja kupinda mapazia. Pini zilizoletwa pamoja na ramani zilipoisha, Bi Takwimu, mama aliyetunza hesabu zote za ugonjwa, alimwona yule mshonaji kona ya ukumbi na pini zake mdomoni, akaziazima. Kesho yake akamwazima na mwenyewe. Alikuwa na mkono mwepesi, hachani karatasi, na mtu mwenye pini mdomoni hachangii mada. Bi Takwimu alisema hajawahi kufanya kazi na mtu mwenye nidhamu kama ile.

Ramani ilikuwa kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili. Upande mmoja ulionyesha nchi na majirani zake, upande mwingine mji wenyewe umekuzwa mpaka unaona vichochoro. Pini moja yenye kichwa chekundu ilikuwa mgonjwa mmoja. Mgonjwa akifa, kichwa cha pini yake kiligeuka cheusi chenyewe, palepale kwenye karatasi. Afisa ununuzi alimwandikia muuzaji barua mbili za kulalamikia ubora wa rangi.

Ilianza na Bwana Mpaka. Huyu alikuwa mjumbe wa nchi jirani, na walimwita hivyo kwa kuwa hakuwa na hoja nyingine yoyote. Wiki ya pili alisimama akaeleza, kwa heshima zote, kwamba pini moja imeingia nchini kwake kwa upana wa ukucha, na serikali yake ingeshukuru kama ingesogezwa. Jambo likajadiliwa saa nzima, likapita. Fundi akachomoa, akachoma upande wa huku. Saa sita simu ikalia. Dereva wa lori aliyekuwa akipumua kwa tabu katika hospitali ya ng'ambo alikuwa ameamka, ameomba chai, na anauliza nani kamvua viatu. Muda huo huo, upande wa huku, fundi baiskeli aliyekuwa anaziba pancha aliweka pampu chini akasema anasikia kiu.

Mwandishi wa kumbukumbu akaandika kwamba ramani imeonyesha usahihi wa kuridhisha. Wakaenda ajenda ya tatu.

Basi baada ya hapo watu wakaipenda kazi. Wajumbe waliokuwa wakisinzia kuanzia saa nne walianza kuwahi. Ikaundwa kamati ndogo ya uhamisho wa pini, ikatengenezwa fomu, na fomu ikatakiwa saini sita ili kusiwe na upendeleo. Pini ya kwanza kuhamishwa kwa fomu ilitoka uwanja wa ndege. Zikafuata za mtaa wa balozi, za hoteli, za shule moja ya kulipia ambako watoto wa wajumbe wengi walisoma. Zote zilikwenda bondeni, mtaa wa mabati chini ya mji.

Hakuna aliyelichukia bonde. Ni kwamba kila eneo lilikuwa na mtu wa kulisemea mezani, na bondeni hakukuwa naye. Si kwamba walisahaulika. Kiti chenye kibao kilichoandikwa "Wananchi" kilikuwepo, tena kizuri, karibu na mlango. Walikiwekea mikoba.

Siku moja tu katika wiki zile za mwanzo Fundi alitoa pini mdomoni, akazishika kiganjani, akauliza kwa nini wasizichomoe zote wakazitia kwenye kopo, yakaisha. Ukumbi ukamtazama kama mtoto aliyeuliza swali zuri mbele ya wageni. Bi Takwimu alimjibu kwa upole, maana alikuwa mama mwenye subira. Alisema jumla imeshatumwa makao makuu, mia nne na kumi na mbili, na jumla ikishatumwa haishuki.

"Ikishuka, Fundi, watatuuliza wale wengine tuliwatoa wapi."

Na kweli haikushuka. Mtu akipona mwenyewe, kwa bahati au kwa maji ya chumvi na sukari, pini yake ilidondoka sakafuni ikalia ti. Bi Takwimu aliinama, akaiokota, akaipangusa kwa leso, ikajaziwa fomu ikachomwa pengine. Walishajaribu kuichoma ziwani, kwa nia njema kabisa. Pini iliyochomwa mahali pasipo mtu ilikaa robo saa tu, kisha ikadondoka. Kwa hiyo ilibidi ipate mtu, na watu walikuwa wengi zaidi bondeni.

Karatasi ya bondeni ikalegea kwa matundu. Fundi akaishonea kitambaa kwa nyuma, mshono mzuri usioonekana.

*

Mdogo wake Fundi alikuwa muuguzi bondeni kwenyewe, katika zahanati yenye vyumba vitatu na bati la zamani. Walikuwa wamebaki wawili tu kwao. Huyu mdogo alikuwa na maneno mengi kama redio, na kila mchana, akipumzika kidogo, alimpigia dada yake.

"Dada, huko kwenu mnachoma nini?" aliuliza siku hiyo. "Bati langu limekuwa chujio la chai. Vitundu vidogo vidogo, kama mtu kapita na sindano. Jua likiwaka, wagonjwa wangu wana madoadoa kama chui."

Fundi alisema ni kutu. Mdogo akasema kutu gani inayokuja kila siku baada ya mkutano wenu. Kisha akaacha utani akasema ana wagonjwa tisini na vitanda kumi na vinane, na chupa za dripu zimekwisha tangu Jumapili. Homa kavu inamkausha mtu, alisema, ulimi unakuwa kama gome, ila mtu huyo huyo akipata dripu mbili siku ya kwanza anaamka anakutukana. Haukuwa ugonjwa mgumu. Ulitaka maji tu.

"Si umesema zipo hapo kwenu, kwa bibi harusi? Waambie basi. Si unakaa nao kila siku?"

Fundi aliwaambia. Alifuata utaratibu, akaandikisha jambo lake chini ya mengineyo, ambayo ni ajenda ya mwisho. Mengineyo iliahirishwa Jumanne kwa sababu ya muda, Jumatano kwa sababu ya chai, na Alhamisi kwa sababu Mfadhili alikuwa na mahojiano ya televisheni kuhusu kasi ya mwitikio. Mfadhili alikuwa bwana mrefu mwenye sauti ya kubembeleza. Kila alipopita karibu na kiti cha Fundi alimwambia, "Bila wewe tungekuwa gizani," na alimaanisha.

Ijumaa ikaja fomu namba sabini na saba.

Mpishi wa hoteli walipolala wajumbe alikuwa ameumwa. Ndiye aliyewakaangia mayai asubuhi na kukumbuka nani hali kitunguu, kwa hiyo fomu ilipata saini zote sita ndani ya dakika moja. Kutoka: hoteli. Kwenda: zahanati, bondeni.

Fundi aliichomoa. Aliijua pini ile. Ilikuwa na shingo iliyopinda kidogo, maana aliipinda mwenyewe kwenye pindo la pazia la ukumbi huo huo. Aliishika juu ya bonde akatazama. Kulia kwa zahanati palikuwa na kibanda cha maji, na foleni ya kina mama aliowashonea sketi na sare za watoto. Kushoto palikuwa na shule. Palikuwa na mahali pengine pia, ukingoni mwa bonde, upana wa kidole gumba tu kutoka hapo, chumba kimoja nyuma ya cherehani ambacho alikaa yeye mwenyewe peke yake. Jicho lake lilipita hapo halikusimama.

Akajiambia kwamba mtu mwenye pini yake hachomwi ya pili, na zahanati imejaa wenye pini. Akalenga wodi, kama anayetia uzi kwenye tundu la sindano. Lakini kwenye ramani zahanati yote, wodi na chumba cha wauguzi na choo, ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha pini.

Saa nane simu ikalia. Hakuwa mdogo wake, alikuwa mfagizi wa zahanati, baba mmoja asiyependa kupoteza vocha.

"Mdogo wako ameomba maji mara tatu," alisema. "Mara ya tatu alikuwa ameshika kikombe kimejaa."

*

Chai ilikuja saa kumi. Ni saa ambayo Fundi aliijua kuliko wajumbe wenyewe walivyoijua. Kati ya mlio wa kwanza wa vikombe na biskuti ya kwanza, wajumbe walisaini kitu chochote kilicholetwa mbele yao ili wasiwe na karatasi mikononi. Mara moja mama wa chai alisahau risiti ya sukari mezani, ikarudi na saini sita na maoni mawili.

Fundi alijaza fomu namba sabini na nane kwa mwandiko wake wa kawaida, wa kuandikia vipimo vya nguo. Hakuficha kitu. Kutoka: zahanati, bondeni. Kwenda: ukumbi wa mikutano, barabara kuu. Aliijua hesabu ya waliokuwemo ukumbini. Walikuwa arobaini na watatu, yeye akiwa mmoja wao, na mama wa chai akiwa mwingine. Akaizungusha. Mwenyekiti alisaini wa kwanza, akamsifu kwa kuwa mtu wa vitendo.

Akapanda kwenye kiti, akachoma.

Mwenyekiti alikuwa katikati ya sentensi kuhusu umoja wetu. Aliomba maji. Akanywa chupa yake, akanywa ya jirani yake, kisha akaanza kufungua zile zilizopangwa mbele ya viti vitupu, moja baada ya nyingine, huku akiomba radhi kwa kila kiti. Ulimi wake ulipogonga meno ulilia kama kadibodi.

Sasa hapo ndipo uratibu ulipoonekana. Mtu alikimbia kwa bibi harusi, akarudi na kasha, na kwa kuwa mkasi haukuonekana wakalipasua kwa kile kisu kirefu cha kukatia keki ya harusi, chenye utepe bado kwenye mpini. Chupa ikatundikwa kwenye tao jeupe. Daktari akapatikana, wa pili akapatikana, ndege ikaambiwa isubiri. Hakuna aliyeuliza stika. Fundi alikuwa ametazama saa ya ukutani mwanzo, akaitazama tena mwisho. Dakika thelathini na nane.

Simu ikatetemeka kwenye mfuko wake. Alitoka nayo kwenye ngazi.

"Dada, nina njaa kama mtu aliyetoka kulima," alisema mdogo wake. Kisha sauti ikashuka, maana naye alikuwa mtu wa kazi hii na alishabaini pini zinavyokwenda. "Nani kapewa?"

"Mwenyekiti."

Upande wa pili kijiko kiligonga sahani.

"Muulize kama anahitaji muuguzi," alisema mdogo. "Mimi leo nimepata nafasi."

Wakacheka, wote wawili, vibaya, kama watu wanaokohoa. Mdogo akasema asifurahi sana lakini, kwa sababu pini iliyohamishwa haimfundishi mtu kitu. Anayepona mwenyewe hapati tena, mwili umeshajua. Anayehamishiwa anabaki vilevile alivyokuwa, yuko wazi kama mlango. Alimsihi dada yake asimamie hiyo pini isirudi.

*

Kikao cha dharura ndani ya dharura kiliitwa jioni ile ile. Fomu namba sabini na nane ilipitiwa mstari kwa mstari ikaonekana haina kasoro. Ilikuwa na saini sita, na ya kwanza ilikuwa ya mgonjwa. Kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa, na likapitishwa pendekezo kwamba kuanzia kesho chai itangulie saini. Kisha Bwana Mpaka, ambaye kwa mara ya kwanza alizungumzia jambo lisilohusu mpaka, akapendekeza pini irejeshwe ilikotoka. Ikaandikwa fomu namba sabini na tisa.

Fundi akatema pini kiganjani mbele ya wajumbe kwa mara ya pili tangu aanze kazi.

"Pale kuna wauguzi wawili," alisema. "Wagonjwa tisini. Na mmoja wa wale wauguzi ni mdogo wangu. Mmepasua kasha moja tu, na Mwenyekiti ameshaanza kukaa. Yamebaki mia moja tisini na tisa."

Ukumbi ulimpa pole, na pole yenyewe ilikuwa ya kweli. Bi Takwimu alimshika bega. Mfadhili aliinamisha kichwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema kwa ile sauti yake kwamba anaguswa sana, ila angependa kukumbusha, bila kumlenga mtu, kwamba mwenye ndugu katika eneo husika alipaswa kutangaza mgongano wa maslahi mwanzo wa kikao na si katikati. Kuhusu kasha lililopasuliwa, chupa kumi na moja zilizobaki ndani zitengwe, kwa kuwa kasha lililofunguliwa haligawiwi tena. Akashukuru kwa mchango.

Fundi akarudisha pini kumi na moja mdomoni. Ile yenye shingo iliyopinda ilikuwa bado kwenye ramani.

Akaichomoa kutoka ukumbini, na kule nyuma Mwenyekiti akasikika akiuliza kama walishafika mengineyo. Akaipeleka bondeni. Ikapita juu ya shule, ikapita juu ya kibanda cha maji, ikafika zahanati, ikasogea upana wa kidole gumba. Hakuna mjumbe ambaye angeona upana wa kidole gumba huko bondeni, ambako hakukuwa na wa kuupima. Akachoma kwenye kile chumba cha nyuma ya cherehani.

Chumba kilikuwa kitupu, na pini ilikuwa na robo saa. Kutoka ukumbini mpaka kwake ni mwendo wa dakika kumi. Fundi aliweka zile pini nyingine kwenye kopo, akamuaga Bi Takwimu, akasema anahisi uchovu. Bi Takwimu akamwambia apumzike, afya kwanza.

Alitembea bila kukimbia. Alinunua chumvi na sukari njiani, na mshumaa. Alifungua kufuli, akaingia, akaketi kitandani, akavua viatu akavipanga. Juu ya kichwa chake bati lilitoa mlio mdogo na kitundu kikafunguka, mwanga wa jioni ukaingia mwembamba kama uzi mpaka kwenye goti lake. Alikuwa bado anautazama aliposikia kiu.

*

Mdogo wake alimuuguza siku tano. Alikuja kila alipoweza, akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akimsema bila kupumzika. Alimwita mjinga, alimwita mkaidi, alimwita mama yao, ambalo kwao lilikuwa tusi kubwa kuliko yote. Siku ya pili, ulimi wa dada yake ulipopasuka, alikwenda mwenyewe ukumbini akiwa na sare zake za kazi kuomba chupa moja kati ya zile kumi na moja. Walimkaribisha vizuri. Waliondoa mikoba kwenye kiti cha Wananchi wakamketisha. Alipofafanua anakokaa mgonjwa, Bi Takwimu alikagua orodha akasema eneo lile kulingana na fomu halina mgonjwa hata mmoja, pini ilikwenda zahanati. Wakamwekea biskuti mbili kwenye karatasi, akazipokea, akala moja njiani kwa hasira. Mikoba ikarudi kitini.

Siku hizo tano ramani haikuguswa, kwa kuwa mwenye mkono hakuwepo. Na siku hizo tano homa kavu haikumpata mtu yeyote mpya, si bondeni, si hotelini, si ng'ambo. Taarifa ya wiki ilisema utulivu huo ni matunda ya uratibu wa karibu, ikapendekeza uratibu uongezwe.

Fundi alilala akisikiliza uongo huo kwenye simu ya mdogo wake, akafikiri kwamba labda asirudi tena. Ni jambo dogo, kutorudi. Lakini Bi Takwimu alipiga simu siku ya tano, kumjulia hali, na alipokwisha kumjulia hali akasema fomu thelathini na moja zinasubiri. Akasema asijilazimishe hata kidogo. Wamempata bwana mmoja wa mabango ambaye ana mashine ya stepla, anapiga hamsini kwa dakika, haangalii hata anapopiga.

Fundi alirudi kesho yake.

Alikuwa amepungua, gauni lilimning'inia, ikabidi alibane kwa nyuma kwa pini mbili. Kila mtu alifurahi kumwona. Mwenyekiti, aliyenona kidogo, alimpa mkono. Wakasalimiana kwa vyeo mpaka saa tatu na nusu. Fundi akapanda kwenye kiti, akabana pini kumi na moja kwa midomo, na ndipo mwili wake ukamaliza kupona. Aliusikia, kama kifungo kinavyoingia kwenye tundu lake. Pini ya shingo iliyopinda ikajitoa kwenye ramani, ikaanguka, ikalia ti.

Bi Takwimu alikuwa na masikio mazuri. Aliinama akaiokota, akaipangusa kwa leso, akamnyooshea.

"Imekudondoka, Fundi."

Akaipokea. Akaichoma pale pale, kwenye chumba chake. Ikadondoka kabla hajaondoa kidole. Akaichoma tena kwa nguvu, ikadondoka. Mara ya tatu aliishikilia kwa gumba, akaisikia ikimsukuma kama mtu anayetaka kupita mlangoni. Mwili wake ulikuwa umeshajua, hauchukui tena. Chini, wajumbe walikuwa wametulia kwa adabu. Fomu namba themanini, ya pini yoyote itakayodondoka, ilikuwa tayari mezani, na kwa kuwa chai sasa ilitangulia, ilikuwa na saini zote sita na alama ya kikombe. Kwenda: bondeni.

Nyuma ya ukuta, makasha mia moja tisini na tisa yalijitazama kwenye kioo. Suala la stika lilikuwa limepiga hatua, nembo tatu kati ya tisa zilikuwa zimekubaliwa ukubwa. Simu ya Fundi ikatetemeka mfukoni, ule mtetemo mrefu wa mdogo wake, ambaye huwa hakati mpaka apokelewe. Ikatetemeka ikaacha, ikaanza upya. Fundi alisimama na pini mkononi mbele ya kibanda cha maji, shule na zahanati. Alizijua sura zote zilizokuwa kwenye ile foleni. Sare za shule ile alikuwa amezishona yeye, alijua mpaka viuno vyao.

Mwenyekiti alimuuliza, kwa upole wa mtu aliyeugua akajua thamani ya afya, kama kuna tatizo lolote.

Alikuwa na pini kumi na moja mdomoni. Akatikisa kichwa kwamba hakuna.